Ofa Inayoisha Leo

Mwanangu, siku niliyonunua cherehani yangu ya kwanza naikumbuka mpaka gauni nililovaa. Nilikuwa fundi mpya, msichana wa miaka ishirini, na nilikuwa nimeahidi kushona sare za shule moja ya Ruiru kabla muhula haujafunguliwa. Katika duka moja la Thika nikaona cherehani nyeusi inang'aa, na karatasi juu yake: nusu bei, leo tu. Sikuuliza swali hata moja. Niliona aibu, nikidhani wataniona sina pesa. Nikalipa haraka, nikarudi nyumbani Kimbo nikijisifu njia nzima.

Tata Wairimu, dada ya baba yangu, alikuwa fundi wa miaka mingi. Nilipomwonyesha, rangi hakuitazama. Aliiinamisha cherehani, akaingiza kidole chini ya sindano, akatoa vumbi la nyuzi kuukuu.

"Hii imetumika, ikapakwa rangi," akasema. "Umenunua bei, mtoto. Cherehani hukununua."

Nikamjibu kwamba ananionea wivu. Mdomo ule! Cherehani ilikwama kwenye sare ya tatu, kazi akapewa fundi mwingine, nami nikalia kwa hasira kwa sababu Tata alisema kweli.

Siku hizi mnanunua kwa simu. Mwaka huu binti yangu Njeri alipata nafasi chuoni, akahitaji laptop mpya kabla masomo hayajaanza. Pesa tuliyokuwa nayo ilitosha moja tu, na tungekosea, angeanza masomo mikono mitupu. Jioni moja akanijia mbio.

"Mum, cheki, nusu bei! Ofa inaisha leo!"

Nikaikumbuka cherehani yangu. "Wiki jana ilikuwa ngapi? Ni mpya ama ni zile zimetumika ng'ambo? Waranti iko?"

"Hawajaandika."

"Si uwaulize."

Akawauliza. Hawakujibu hata moja, walimtumia tu namba ya kulipia. Njeri alinuna, lakini akangoja. Kesho yake ofa ilikuwa bado inaisha leo. Keshokutwa yake pia. Tulicheka mpaka chai ikapoa.

Baada ya hapo sikumfundisha kitu tena. Alichukua jina kamili la laptop aliyoitaka, akalitafuta katika maduka kadhaa ya mtandaoni, akafuatilia bei wiki mbili. Akapata moja lenye duka halisi mjini Thika. Tulipofika, alifungua boksi, akaiwasha, akasoma waranti mstari kwa mstari, na mwenye duka akimngoja. Bei aliyolipa ilikuwa chini ya ile iliyoandikwa mtandaoni.

"Imeshukaje?" nikamnong'oneza.

"Niliwauliza kama wanapunguzia wanafunzi, Mum. Wakasema nitume barua ya chuo."

Aliuliza! Mtoto wangu aliuliza bila aibu yoyote, mahali ambapo mimi nilifunga mdomo. Nilijivuna, mwanangu, nikatamani Tata Wairimu angekuwepo amwone.

Basi nisikilize. Punguzo la kweli lina bei ya jana unayoweza kuiona, na muuzaji anayejibu. Linganisha, ngoja, kagua kabla ya kulipa, na uombe upunguziwe ukiwa umeinua kichwa. Anayekuharakisha, mwache aende na ofa yake. Mungu akuzidishie riziki, akupe subira dukani, na siku moja akujalie mtoto atakayekupita kwa akili, ukasimama kando ukimtazama kama nilivyosimama mimi.