Siku Baiskeli Zote Ziliposhinda Bandani

Jumanne nilikwenda kuziba pancha kwenye banda letu la baiskeli za kuazima, hapa kijijini Ruanda, nikakuta zote zimepangwa ndani na wenye shida nazo wamesimama nje. Na ni msimu wa kahawa! Kahawa mbivu ikishachumwa inatakiwa kufika mashineni siku hiyohiyo, na hapa kwetu inafika kwa baiskeli.

"Mbona hamwendi?" niliuliza.

Mama anayetunza banda alinikazia macho. "Wiki iliyopita afisa anayekagua mabanda alikuja saa nne asubuhi. Akakuta banda tupu, akaandika halitumiki, lifungwe. Leo anarudi. Hakuna kugusa baiskeli."

Tukangoja. Mzee mmoja alifunua gunia lake, akanusa, akafunika, akafunua tena. Dada mmoja alishika usukani mara tatu, na mara zote tatu mama akamtoa mkono. "Vumilia, mwanangu."

Afisa alifika saa tisa. Hata garini hakushuka. Alichungulia dirishani, akazipitia baiskeli kwa kidole, akatabasamu. "Sasa hapa naona kazi inafanyika," akasema, akaandika.

Vumbi la gari lake halijatulia, watu walishazivamia baiskeli. Banda limepona, nami nimefurahi. Lakini siku pekee ambayo hakuna aliyekanyaga pedeli ndiyo iliyoingia kwenye faili kwamba tunaziendesha. Mama ameshaanza kuulizia afisa atarudi lini, ili siku hiyo tusiende kazini.