Kasuku wa wifi ametaga

Jamani, yule kasuku mwekundu niliyemtoa chumbani kwa wifi ametaga.

Kitandani kwangu, juu ya kanga mpya.

Si mnajua wifi Mwanaidi yumo edani, kaka yangu juzi tu tumemzika. Kamwachia kasuku wawili aliokuja nao toka safari zake za ubaharia. Mwekundu ana kifua cha buluu na ukali wake. Wa kijani mpole, ukimkuna anafumba macho.

Nikasema mwekundu ndiye dume, wang'aao si ndio majogoo? Hakai na mwenye eda. Wifi akalia, nikambeba hivyo hivyo. Kaniuma vidole, kanitafunia mlango, mie navumilia kwa ajili ya dini.

Leo yai.

Nikamrudisha na tundu lake. Wifi kaniangalia.

"Kwa hiyo dume ndiye uliyeniachia?"

Nikanyoosha mkono nimchukue wa kijani begani kwake.

"Wifi, huyu humgusi." Mlango kafunga.

Nimebaki barazani na mwekundu tunduni mwake. Mara yule wa kijani huko chumbani akaniita kwa sauti ya marehemu kaka yangu:

"Dada, ingia ule."

Sasa nyie mnaojua dini, huyo nitamtoaje?