Leso Niliyosahau Kuivua

Siku ya kwanza ya ukarani wangu kwa Mudiri wa Msambweni, mke wangu alinifunga leso yake kiunoni ili suruali yangu nyeupe isichafuke kwa vumbi la baiskeli.

"Uivue kabla hujafika," akasema.

Leso ilinukia asumini. Harufu ile ikanilewesha, nikaenda polepole kwenye kijua cha asubuhi kama mtu aliye usingizini. Kila niliyempita alitabasamu, nami mjinga nikampungia mkono, nikiamini habari za ukubwa wangu zimekwisha kuenea.

Ofisini nikatoa shikamoo, nikageuka kufunga mlango. Nyuma yangu nikamsikia Mudiri akilisoma taratibu jina la leso:

"Usijigambe, twakujua."