Divai Aliyoitaka Tonton

Tonton wangu simpendi, na sitaandika hapa kana kwamba nampenda. Ni mdogo wake papa. Papa alipofariki, yeye alirudi kutoka Poto, yaani Ulaya kama tunavyoiita hapa Kisangani, akakaa kwenye kiti cha papa nyumbani kwetu Simi-Simi na kuanza kututawala. Huko alikuwa akiosha vyombo hotelini, na hilo silicheki, kazi ni kazi. Lakini alirudi amevimba kichwa. Pondu ya mama, yaani kisamvu, aliila huku amekunja uso, bia ya hapa aliiita maji ya kunawia, na kila jioni ilibidi tusikilize habari za divai alizoonja kule, ambazo nina hakika alizionja kwenye mabaki ya glasi za wateja.

Alitaka niolewe na rafiki yake aliyebaki Poto, mzee mwenye umri wa mama yangu, ambaye alinitumia picha yake kwenye simu bila hata salamu. Mimi nilikuwa na mchumba wangu tayari, mtoto wa wavuvi wa Yanonge, anayenunua samaki mtoni na kuwauza mjini. Nilipomkataa yule mzee, tonton hakugombana nami. Alisubiri wakwe waje kujitambulisha, akawaacha waseme yote, kisha akajibu kwa sauti ya upole.

"Bon. Mimi sitaki mingi," aliwaambia. "Minataka chupa moya tu ya vin rouge ya Bordeaux, ya zamani, yenye iko na miaka kupita huyu binti. Bila ile, musikuje."

Alijua anachokifanya. Huu ni mji ambamo divai nyekundu inakuja kwenye boksi la karatasi na watu wanaichanganya na soda ili ishuke kooni. Wakwe zangu walitazamana, wakashukuru, wakaondoka. Mama aliingia jikoni na hakutoka mpaka wageni walipokuwa mbali.

Katikati ya mji tulipata mfanyabiashara mmoja tu mwenye kitu cha namna hiyo. Mfaransa mmoja wa kazi ya mbao alikuwa amerudi kwao na kumwuzia kila alichokuwa nacho, vitanda, friji na chupa chache za divai. Nilikwenda dukani pamoja na mchumba wangu, jambo ambalo bibi arusi hafanyi, lakini sikumwamini mtu yeyote tena. Mwenye duka alipanda ngazi, akazishusha chupa kutoka rafu ya juu kabisa, chini ya mabati yanayowaka jua, jirani na makopo ya dawa ya mbu. Aliipangusa moja vumbi kwa shati lake huku akituambia kwamba vumbi ndilo linaloonyesha thamani.

Alikuwa na nyingine ya aina hiyohiyo aliyokwisha kuifungua, akatumiminia kwenye vikombe vya plastiki. Tuzungushe, alisema, tunuse, tuiweke mdomoni, kisha tuteme ndani ya ndoo. Nani ananunua kinywaji ili akiteme? Mimi nilimeza. Rangi yake ilikuwa ya chai iliyolala, na ulimi ulikauka kana kwamba nimeuma ndizi mbichi. Kisha ikaja harufu ya majani yaliyooza na ngozi ya kiatu cha zamani. Sisi wawili tulitazamana. Hatukuwa na kitu cha kuilinganisha nacho.

"Papa, hii imeharibika ao ni ile uzee yenyewe?" mchumba wangu aliuliza.

"Alors, ile bazungu njo banajua," alijibu mwenye duka. "Mimi minauzisha tu."

Nilitamani kummwagia ndoo yake kichwani. Lakini tungekwenda wapi? Mchumba wangu alilipa kwa akiba aliyokuwa akiiweka kwa ajili ya injini ya mtumbwi, akaibeba chupa kifuani kama mtoto mchanga. Mwenye duka alituonya tuiweke mahali penye baridi.

Watu wanaoishi kwa samaki wana mahali pamoja tu penye baridi. Mama mkwe aliichukua chupa kwa heshima zote, akailaza kwenye kasha la barafu katikati ya samaki, pale ambapo familia yao inaweka kila kitu kisichotakiwa kuharibika. Asubuhi ya siku ya kuileta chupa kwetu mchumba wangu alinipigia simu. Karatasi ya chupa, ile étiquette yenye jina na mwaka, ilikuwa imelowa na kubanduka vipande vipande, na vingine walivikuta kwenye magamba ya samaki. Hakukuwa tena na kitu cha kumwonyesha tonton. Nilikaa kitandani na nguo zangu mpya nikalia kwa hasira. Mama mkwe simkasirikii hata kidogo.

Wakwe walikuja, wakakaa upande wao wa uwanja chini ya turubai. Chupa ilikuwa mezani, uchi, inanuka samaki. Tonton aliinyanyua kwa vidole viwili.

"Iko wapi étiquette? Hii ni vin ao ni mafuta ya samaki? Donc bato ya mayi munaona mimi ni mujinga?"

Bato ya mayi, watu wa majini. Aliwaita hivyo mbele ya watoto wao, na baadhi ya watu wa upande wetu wakacheka. Mchumba wangu aliinamisha kichwa. Msemaji wao alianza kueleza habari ya barafu, na kila alivyoeleza ndivyo kicheko kilivyozidi. Nilimchukia tonton pale kwa moyo wangu wote, na bado sijaona sababu ya kuacha.

Aliifungua mwenyewe. Kizibo kilimvunjikia, nusu ikazama ndani. Akamimina kwenye glasi, akatangaza kwamba ataonja, na kama si yenyewe, wageni wabebe vitu vyao warudi Yanonge. Nilijua tayari atakachosema. Glasi ilikuwa imefika puani pake wakati mama aliposema, bila kuinuka kwenye kiti chake:

"Shemeji, mutoto njo anaonjaka wa kwanza."

Wazee wa pande zote mbili wakaitikia, kweli. Kwetu, kinywaji cha wakwe hakiguswi na mtu kabla ya binti. Akikimwaga chini, amekataa ndoa. Akikinywa, amekubali, na ukoo wake wote unakunywa baada yake, kwani anayeikataa glasi hiyo anatangaza kwamba binti si mtoto wao. Tonton alikuwa amekaa Poto muda mrefu, desturi hiyo ilikuwa imemtoka. Alinipa glasi huku anatabasamu, akingoja nikunje uso.

Nilipiga magoti.

"Masanga hii," tonton aliniuliza juu ya kinywaji hicho, kwa sababu desturi sasa ilimlazimu kuuliza, "tukunywe ao tuache?"

Ilikuwa kali kuliko ile ya dukani, baridi, chungu, na tope chini ya glasi. Mpaka leo sijui kama ilikuwa divai bora au siki. Niliinywa yote nikimtazama machoni. Kipande cha kizibo kiliniingia mdomoni, nikakitafuna, nikakimeza.

"Mukunywe, tonton. Iko muzuri."

Kisha nilijaza glasi hadi ukingoni, hata tope lake, nikampa kwa mikono miwili nikiwa bado nimepiga magoti. Alinitazama, akawatazama wazee, akainua. Nililiangalia koo lake likipanda na kushuka mpaka glasi ikabaki tupu. Machozi yalimlengalenga. Msemaji wa wakwe akamwuliza, kwa adabu kubwa, ameionaje.

"Iko bien," alisema kwa sauti ya chini.

"Tonton," nikamwambia, "sema kwa nguvu. Bazee ya kule nyuma habasikie."

Akasimama, akarudia mbele ya wote kwamba divai ya wakwe zangu ni nzuri, na kwa desturi yetu hapo ndipo nilipoolewa.