Dawa Tisa kwa Wiki Moja

Ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu: siku ambayo baba mkwe wangu alinigombeza bila kunitazama.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimeolewa Lufingo. Shule niliiacha darasa la sita, na miguu yangu haikupenda kutulia. Nimechuma chai, nimechoma vitumbua Kyela, nimeuza ndizi Masoko, na kila nilikopita niliuliza maswali mpaka watu wakanichoka. Swali langu kubwa lilikuwa moja: mbona kila mwezi tumbo la chini linanikata mpaka natapika, na kiuno kinauma kama kinatwangwa? Wenzangu wakiwa katika siku zao walichuma chai kama kawaida. Mimi nilikaa chini katikati ya mistari, kikapu mgongoni, na mnyapara akaniita mvivu.

Mama mkwe aliniambia, "Ukizaa yataisha." Nikazaa, yakarudi.

Mwishowe nilikwenda hospitali. Daktari alinisikiliza mpaka mwisho, akasema anashuku endometriosisi. Alinieleza kwamba utando unaofanana na ule wa ndani ya mji wa mimba huota nje yake, pasipo mahali pake, na mwezi ukifika huvimba na kuuma. Akanipa vidonge na tarehe ya kurudi ili anipeleke Mbeya kwa vipimo zaidi.

Nilifurahi kwamba ugonjwa wangu una jina. Lakini mimi na udadisi wangu, ningengoja tarehe? Nikaleta mizizi kutoka Nkunga, magome kutoka kwa mama mmoja wa sokoni, unga mweusi wa Kyela usio na jina, vitunguu saumu, mdalasini, na vingine. Vilikuwa tisa, nami nikavianza vyote wiki ileile. Nyama nikaacha, maziwa nikaacha, hata maharage nikaacha kwa sababu jirani alisema yanajaza tumbo gesi. Vidonge vya daktari nikaviweka juu ya kabati, mama mkwe akiona yote na kumsimulia mumewe. Njia mbili zilimshinda fisi, mwanangu. Mimi nilishika tisa.

Wiki ya pili nikawa naharisha na kuona kizunguzungu. Siku zangu zilipofika, maumivu yaliniangusha nyuma ya banda la ng'ombe, nilikokwenda kumwaga makapi ya mizizi. Nikiwa pale chini nikasikia kikohozi cha baba mkwe.

Hapa nikueleze, maana siku hizi mila hii inafifia. Kwetu Wanyakyusa, mkamwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake, wala hamsemeshi. Mzee yule alikohoa kila alipokaribia ili nipate kujificha. Siku hiyo sikuweza kuinuka. Nilijifunika kanga usoni, basi.

Akasimama. Kisha akanipa mgongo, akaanza kuzungumza na ng'ombe wake wa maziwa.

"Maua," alisema, "ulipopunguza maziwa, nilifanyaje? Nilibadilisha majani, nikangoja siku saba, nikapima. Halafu nikabadilisha pumba, nikangoja tena. Ndipo nikajua ni zile pumba zenye ukungu."

Maua akaendelea kutafuna.

"Ningebadilisha vyote siku moja, ningejua nini? Ungekufa, nami ningebaki na ujinga wangu. Na daktari wa mifugo alipokuja, nilimficha ulichokula? Sasa, kama kuna mtu hapa anakunywa miti tisa na vidonge kaviweka juu ya kabati, mwambie huo si udadisi. Ni fujo."

Nikajibu ndani ya kanga, "Maua, mwambie mzee nimesikia."

"Maua, mwambie sijamaliza. Gari la maziwa litapita sasa hivi. Atapanda na mume wake mpaka hospitali, na miti yake aibebe, daktari aione."

Nilipanda lile gari, nimekaa kati ya mume wangu na dereva, mfuko wa mizizi mapajani. Nilimwambia daktari vyote tisa. Hakunicheka. Alinitundikia dripu, akasema baadhi ya vitu vile havijulikani vinafanya nini kwenye ini, akaharakisha safari ya Mbeya. Huko nilifanyiwa upasuaji, wakakuta kweli ndio ugonjwa huo.

Niliporudi nilimeza vidonge kama daktari alivyosema, nikanunua daftari, nikaanza upya, kitu kimoja kimoja, na daktari akijua. Nilipunguza sukari na vya kukaanga, nafuu kidogo. Nikaongeza mboga za majani, parachichi na dagaa wa ziwani, na maharage nikayarudisha. Choo kikalainika, na tumbo likaacha kunikaza. Tangawizi ilipunguza kichefuchefu. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kanga, chini ya kitovu au kiunoni, ilinisaidia kuliko mizizi yote. Maziwa niliacha miezi miwili, sikuona tofauti, nikarudi kuyanywa. Mwenzangu mmoja mwenye ugonjwa huu yeye aliacha maziwa akapata nafuu. Miili haifanani.

Maumivu hayakuisha yote. Lakini nilirudi kuchuma chai, na mnyapara hakunikuta tena nimekaa chini.

Basi mwanangu, sikiliza. Maumivu yanayokulaza kila mwezi si ya kuvumiliwa kwa sababu wewe ni mwanamke. Mficha uchi hazai. Sema mapema, kwa daktari, na kwa mume ukiwa naye. Chakula kizuri, joto na kutembea taratibu ni wasaidizi wa matibabu, si badala yake. Usinywe usichokijua, usiache dawa kimyakimya, na ukibadilisha kitu, kipe muda kabla ya kushika kingine. Andika. Mwili wako utakufundisha, ukiwa na subira ya kuusikiliza.

Mungu akujalie mtu wa kukuamini siku ya kwanza utakaposema unaumwa. Akupe usingizi katika siku zako ngumu, na asubuhi akuinue, uende kazini kwako ukitembea wima.