Mashua Iliyozamishwa na Fundi Wake

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa randa, nikaambiwa nisiiguse. Hivyo ndivyo maisha yangu ya kazi yalivyoanza, likizo iliyopita, katika karakana ya mbao kule Elburgon. Nyinyi wa madarasa ya chini, kaeni vizuri. Sisi wastaafu tumeona mambo, na mimi mdomo haujafungika kwa mshangao hadi leo.

Wakubwa wangu walikuwa wawili. Nyapara alijua kabati na majeneza. Fundi Okumu, mtu wa Nyanza, aliletwa kujenga mashua ya kuvulia samaki Naivasha. Alilaza mkuku, yaani uti wa mgongo, akasimamisha mataruma, ambayo ndiyo mbavu, kisha akapigilia mbao za mtarakwa. Kati ya ubao na ubao aliacha nafasi ya kupita ukucha, akasindilia pamba.

"Okumu, hii ni mashua ama ni chujio?" nyapara akauliza.

"Ni mashua, bwana nyapara. Ngoja inywe."

"Ikiingiza maji, usirudi Elburgon!"

Tuliipeleka kwa lori, jua likaichoma njia nzima. Ziwani alitungoja mwenye mashua, Mzee Wafula, mvuvi. Kuigusisha majini tu, maji yakaingia kila upande. Nikamwonea Okumu huruma. Kumbe yeye anaokota mawe! Akayatupa ndani, moja baada ya lingine, mashua ikazama tukiitazama, na mkate wangu chini ya kiti.

"Wee Okumu, umerogwa?" nyapara akapiga kelele. "Kazi huna!"

Okumu akakaa kwenye nyasi, akamimina chai. "Mbao inakunywa, inanenepa, inajiziba. Acha na mimi ninywe."

Kesho yake tuliingia majini, tukatoa mawe, tukakumba maji, mashua ikaelea. Nililala ndani nikitafuta tundu kwa pua. Hakuna hata tone! Nyapara akavua viatu, akaingia kujihakikishia. Akatoka sauti imelainika.

"Okumu, ndugu yangu, panda lori twende."

"Si uliniambia nisirudi?"

Mzee Wafula alikuwa ameshampa kasia. Wakaondoka wote wawili, wakicheka.

Nyapara alibaki ndani ya maji, viatu mkononi.

"Sasa ile mashua ya pili aliyoagiza mzee itajengwa na nani?"

Akageuka, akaniangalia mimi.

Hapo hapo nikastaafu. Shule ilipofunguliwa nilifika wa kwanza, nikamwomba mwalimu hesabu za ziada. Hata yeye alishtuka.