Siku Tisa za Mama

Mama alikuwa amebakiza siku tisa. Naanzia hapo kwa makusudi, kwa sababu kila aliyekuja kutuhoji baada ya mafuriko alitaka kuanzia kwenye mvua, na mimi mvua sina ugomvi nayo. Baba alikuwa amefariki, Mama yuko eda, miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba ya marehemu mumewe, na sasa zilibaki siku tisa tu atoke. Hakutaka kitu kingine duniani ila kuzimaliza chini ya paa lile lile. Nyumba ile waliijenga wawili, Baba akisimamisha boriti, yeye akisomba maji na kukanda udongo akiwa na mimba yangu.

Niliomba ruhusa kazini, kwenye hoteli moja ya Diani ninakofua mashuka ya wageni, nije kumalizia naye. Kijiji chetu kiko kusini ya Msambweni, pale mto Ramisi unapoingia baharini. Sisi ni watu wa vyombo vya majini. Wanaume wetu huvua, huvusha watu, huwapeleka watalii kutazama mikoko, na mimi mwenyewe nilijua kushika upondo wa kusukumia mtumbwi kabla sijajua kusuka ukili wa mikeka. Lakini ujuzi tunaojivunia kupita wote ni kuhesabu maji. Muulize mtoto wa kwetu leo ni siku gani, atafikiri kidogo. Muulize maji yanajaa saa ngapi na yanakupwa saa ngapi, atakujibu hapo hapo kwa kuhesabu umri wa mwezi.

Bingwa wa hesabu hiyo ni ami yangu, mdogo wake Baba, nahodha tangu ujana wake. Ndiye aliyenifundisha. Nampenda, na siku ya mafuriko nilimkasirikia hasira ambayo haijaniisha, wala sitajifanya imeniisha ili nionekane mtu mwema.

Simu iliingia asubuhi ya siku ya kwanza kati ya zile tisa, vikombe vya chai bado havijaoshwa. Alikuwa mama mmoja Mduruma, mfugaji wa bara, upande wa Kinango, ambaye kwa miaka mingi alikuja kwetu na samli akarudi kwao na samaki wa kukaanga. Nikaanza kumwamkia kama ada.

"Shikamoo, mama."

"Wacha shikamoo, mwanangu! Mto umetushukia. Umebeba zizi zima na mbuzi wake, na unakuja huko kwenu. Mtoeni mamako hapo, sasa hivi!"

Nilikwenda mbio hadi barazani, alipokuwa ami na wenziwe wakishona nyavu, nikawaeleza neno kwa neno. Wakacheka. Kucheka kule ndiko kunakonikaa kooni mpaka leo. Mmoja akasema, "Haya, leo mchunga mbuzi anatufundisha maji!" Ami hakucheka sana, kwani ni mtu wa heshima, lakini alifanya lililo baya zaidi. Alihesabu.

"Mwezi una siku nane leo," akasema. "Bahari imelala, maji hayana nguvu. Yataanza kupwa saa tano. Mto ukishuka, bahari itaunywa wote. Alasiri mtakuwa mnafagia matope."

Sote tukatulia. Hata mimi nilitulia, na hilo najilaumu mwenyewe. Mtu wa bara akiona maji yanapanda hukimbia; sisi hutazama mwezi. Wanaume waliteremka wakafunga vyombo kama tunavyovifunga siku zote, kamba moja ndefu kwenye mkoko, omo, yaani pua zake, zikielekea baharini, ili viweze kupanda na kushuka na maji. Walivifunga vizuri sana. Kwa maji ya bahari, yaani, si ya mto.

Maji yalifika kabla ya saa tano, mekundu kama chai ya maziwa, yakileta mabua ya mahindi, mlango wa mtu, na kuku aliyekaa juu ya mlango ule. Saa tano bahari ilikupwa kama alivyosema ami, wala haikuchelewa. Tuliuona mchanga wa ng'ambo ukitokeza. Lakini uani kwetu maji yalizidi kupanda. Bahari inarudi nyuma, mto unakuja mbele, na watu wazima wamesimama wanatazama wasijue wamkasirikie nani. Kisha mkoko mkubwa uliofungiwa vyombo vinne uling'oka na mizizi yake, ukavikokota vyote. Cha ami kilikuwa kimojawapo.

Hata baada ya hapo alikuja dirishani kwa Mama. Hakuingia, kwa kuwa shemeji si maharimu wa kuonana na mjane wa eda, naye alikuwa hajauona uso wake tangu mazishi. Maji yalimfika magotini.

"Shemeji, tulia," alisema nje ya pazia. "Yanakupwa. Ni saa tu."

"Nimekusikia," Mama akajibu. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe pia si umemsikia nahodha?"

Maalimu wa madrasa alipita na wanawe, mmoja begani, akapaza sauti kwamba dini imemruhusu atoke, maisha yake yako hatarini, hana dhambi. Mama akasema kuruhusiwa si kulazimishwa. Alikaa juu ya kitanda amekunja miguu, tasbihi mkononi, na maji yalikuwa yameshazigusa ndara zake zikaanza kuelea chumbani. Nililia kwa hasira. Nilimwambia Baba hayumo humu ndani, yumo kaburini, na maneno hayo sitamani kuyakumbuka.

Ukuta wa jikoni ndio uliomshawishi. Ulianguka kwa kishindo, na nyuma yake nikauona mtumbwi mdogo wa Baba, uliofunikwa hapo tangu alipofariki, sasa umepinduka wenyewe na kuelea. Haukuwa umefungwa popote, ndiyo maana ulikuwa bado wetu. Nje wanaume walikuwa wakibishana. Mjane wa eda abebwe na nani? Nani ana haki ya kumshika mkono? Walikuwa sita, maji viunoni, wanabishana.

"Nitamchukua mimi," nikasema.

"Wewe mwanamke, mkondo wote huu?" ami akauliza.

"Na aliye ndani ni nani, mwanamume?"

Nikaushika upondo. Mama alitoka amejifunika leso gubigubi, akakaa katikati ya mtumbwi bila ya kumtazama mtu. Sikushindana na mkondo. Niliuacha utuchukue huku nikitafuta vichwa vya minazi vya kunionyesha njia, mmoja baada ya mwingine, mpaka tukafika kwenye mwinuko wa barabara.

Walitulaza shuleni. Darasa moja, familia saba. Nilifunga leso mbili kwenye pembe, nyuma ya ubao, nikamfanyia Mama chumba, na niseme kweli, watu walikiheshimu. Hata watoto walijua hapo hapapitwi. Alihesabu siku zake kwa mistari ya chaki ukutani.

Siku ya nne walikuja wakubwa wa serikali kutoka ofisini, gari mbili, makoti yanayong'aa, unga na blanketi. Mmoja wao alishika kipaza sauti, ingawa tulikuwa darasani na hatukuwa viziwi. Akatuambia tuna tabia ya kukaa mabondeni. Nikamuuliza mbona hatukuonywa. Akasema ujumbe ulitumwa kwenye simu. Nikamuuliza kwa lugha gani na kwa simu ya nani, maana aliyetuonya ni mfugaji mmoja, kwa salio lake mwenyewe. Akatabasamu lile tabasamu la mtu anayesubiri upepo upite. Mwenzake mwenye kamera alikuwa anazunguka akitafuta sura za kusikitisha, na kabla sijamfikia akaishika leso akaivuta.

Mama aligeukia ukutani. Mimi niliipiga ile kamera kwa kiganja, ikaanguka sakafuni. Walisema nina fujo, wakaandika hivyo kwenye karatasi zao, na familia saba zikapata blanketi tatu. Sijutii. Nikikutana naye kesho nitaipiga tena.

Kilichoniuma ni baada ya kuondoka kwao. Mama aliniita nyuma ya leso na kuniuliza kwa sauti ndogo, kama mtoto aliyevunja sahani, "Mwanangu, yule bwana ameniona uso. Siku zangu zimeharibika? Nianze upya?" Miezi minne ile, na mtu mmoja mwenye kamera amemtia shaka. Nilikwenda kwa maalimu nusura nimkabe, kwa haraka ya kutaka jibu. Akasema siku zake ni zake, hakuna awezaye kumpokonya. Nilirudi nikamwambia, akachora mstari wake wa siku ile.

Siku ya tisa maji yalikuwa yameshuka. Mama akataka apelekwe nyumbani. Tulikwenda kwa miguu, yeye amejifunika, ami nyuma yetu kwa mbali. Yule mama Mduruma alitukuta njiani, ametembea toka barabara kuu na kibuyu cha samli na nguo mpya ndani ya mfuko. Wa bara huyo, asiye wa dini yetu wala ukoo wetu, ndiye aliyekumbuka kwamba mjane anayetoka eda huvaa nguo mpya.

Nyumba haikuwapo. Kilibaki kizingiti cha saruji na nguzo mbili zilizoinama. Mama alipita pale palipokuwa na mlango, akatandika mkeka juu ya matope, mahali pa kitanda chao, akakaa mpaka adhana ya alasiri, eda yake ilipotimia. Kisha tukamzungushia leso, mimi nikashika ncha moja na yule mama Mduruma ncha nyingine, akaoga kwa ndoo, akavaa. Akatoka kwa kupitia kizingitini.

Ami alikuwa amesimama uani, kofia mkononi. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi aliutazama uso wake.

"Shemeji," alisema, "nisamehe. Nilihesabu vibaya."

"Ulihesabu sawa," Mama akamwambia. "Hukusikiliza."

Alimgeukia yule mama Mduruma, akamshika mikono miwili.

"Mto ukiwashukia tena," alisema, "usimpigie mtu mwingine. Nipigie mimi mwenyewe. Nimeshamaliza eda. Nitatoka kwa miguu yangu."